Ruba Hang'olewi kwa Chumvi wala Moto

Ruba ni ndugu wa nyungunyungu. Mwili wake una pingili, hauna mfupa, na kila mwisho una kikombe cha kunatia: kidogo mbele, penye mdomo, na kikubwa nyuma, anachojishikizia. Wanasayansi wameshaorodhesha aina zipatazo 700. Wengi huishi katika maji baridi, wachache baharini, na kundi dogo nchi kavu, ndani ya misitu yenye unyevu. Si wote wanaonyonya damu. Wapo wanaomeza konokono na minyoo wazimawazima. Wanyonyaji nao wamegawana riziki. Wapo wa samaki, wapo wa vyura na kobe, na yupo mmoja barani Afrika aliyechagua kuishi ndani ya utumbo wa mwisho wa kiboko, makazi ambayo hakuna anayemgombea.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, jambo la kwanza ni kutofautisha ruba wa majini na ruba wa nchi kavu. Ukoo wa ruba wa misituni, kwa jina la kitaalamu Haemadipsidae, umeenea India, Sri Lanka, Asia ya Kusini-Mashariki, Japani na Australia, na huku magharibi mwa Bahari ya Hindi umefika Madagaska na Shelisheli. Afrika bara haumo. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda milima ya Usambara au kupita msitu wa Kakamega wakati wa masika akasumbuliwa na siafu, kupe na upupu, lakini asivamiwe na ruba kutoka kwenye majani. Akivuka bahari hadi Madagaska mambo hubadilika siku ya kwanza ya mvua. Ruba wa bara makazi yake ni mabwawa, vijito vinavyokwenda polepole, majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea mifugo, na ushauri unaomhusu ni mwingine.

Ruba wa msituni hana haraka. Hujishikiza kwa kikombe cha nyuma juu ya jani bichi kando ya njia, akaunyoosha mwili hewani na kuupungapunga huku na huku. Anahisi mtikisiko wa hatua, kivuli kinachopita, joto la mwili na hewa ukaa inayotoka katika pumzi. Akishanusa mlo huanza safari: hutupa kichwa mbele, hunata, huvuta mkia hadi kichwani mgongo ukipinda, kisha hutupa kichwa tena. Mwendo huo unachekesha ukitazamwa kwa mbali, lakini anayetazama mguu wake mwenyewe haoni kichekesho. Akiwa na njaa, ruba huwa mwembamba kama uzi wa kushonea gunia, hivyo tundu la kamba za kiatu au mfumo wa soksi ya kawaida ni mlango kwake. Ruba wa majini huogelea kwa kujipinda juu chini, na maji yanayovurugwa na miguu ya watu au kwato za ng'ombe humwita badala ya kumfukuza.

Swali la kama ruba wa msituni anaweza kuruka limewagawa watu kwa karne nyingi. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda Sri Lanka mwaka 1344 na kupanda mlima unaosemekana kuwa na unyayo wa Nabii Adamu. Katika habari za safari hiyo alimtaja ruba anayekaa kwenye miti na nyasi karibu na maji, ambaye mtu akikaribia humrukia, na popote anapotua damu hutoka. Wataalamu wengi hawakulikubali jambo hilo. Walidai kwamba ruba huanguka tu, au hushikwa na nguo inayogusa jani, na msafiri mwenye hofu hudhani amerukiwa. Juni 2024, watafiti Mai Fahmy na Michael Tessler walichapisha picha za video zilizopigwa Madagaska mwaka 2017 na 2023. Zinamwonyesha ruba mdogo wa jenasi Chtonobdella akijipinda nyuma juu ya jani, kisha akijifyatua mbele na kuliacha jani kabisa. Huenda Ibn Battuta alisema kweli. Hata hivyo, anayejiandaa kwa safari asiweke akili yake yote juu ya miti. Ruba walio wengi bado huingilia kiatuni na kupanda.

Kuumwa kwenyewe mara nyingi hakusikiki. Ruba wa Asia ana taya tatu, na alama yake hufanana na herufi Y. Wa Madagaska na Australia ana mbili, zinazoacha alama ya V. Taya hizo zina vimeno vidogo mno. Za ruba wa tiba wa Ulaya hufikia vimeno 100 kwa kila taya. Ruba huyo wa tiba, ambaye ni mkubwa kuliko wengi wa msituni, hunyonya kwa dakika 20 hadi saa moja au zaidi, huchukua mililita 5 hadi 15, kisha hujiachia mwenyewe. Yaani kijiko kimoja cha chai hadi vitatu. Mfuko wa mchangiaji damu hospitalini hubeba mililita 450 au zaidi, na mchangiaji hupewa soda akaenda zake. Kwa mtu mzima mwenye afya, basi, damu inayoingia tumboni mwa ruba si hasara ya kuhesabu.

Kinachotisha ni damu inayobaki nje. Mwaka 1884 mtafiti John Berry Haycraft aligundua kwamba ruba hutoa kitu kinachozuia damu kuganda, na baadaye kitu hicho kikaitwa hirudini. Ndicho kinachofanya jeraha lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti lichuruzike saa nyingi baada ya mnyonyaji kuondoka. Soksi hulowa chapachapa, mwenyewe akadhani amekatika mshipa. Madaktari wa upasuaji wameigeuza tabia hiyo kuwa msaada. Mwaka 1985 huko Boston sikio la mtoto lililokuwa limenyofoka lilirudishwa, na ruba wakatumika kuondoa damu iliyokuwa ikituama humo mpaka mishipa ilipopona. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu ruba kuuzwa kwa matumizi ya tiba. Lakini hao hufugwa katika maji safi, hutumika kwa mgonjwa mmoja na kisha huuawa. Anayemvua ruba bwawani na kumbandika mgonjwa goti, kwa madai ya kutoa damu chafu, hafanyi tiba hiyo, hata akiipa jina la hijama.

Ruba hula mara chache na husaga chakula polepole mno. Ruba wa tiba anaweza kukaa miezi mingi bila mlo wa pili. Damu aliyokunywa hubaki na habari zake. Mwaka 2012 watafiti walichukua ruba 25 kutoka msitu mmoja wa Vietnam, na katika 21 kati yao wakapata vinasaba vya wanyama, akiwamo sungura adimu wa milia ambaye kamera zilizotegwa msituni zilikuwa zimeshindwa kumnasa. Huko Tasmania, ruba aliyeokotwa mahali pa wizi wa mwaka 2001 alimfikisha mwizi mahakamani miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa damu tumboni mwake ilikuwa ya mwizi.

Je, damu hiyo ya watu na wanyama wengine haiwezi kuleta maradhi? Hakuna ushahidi thabiti kwamba ruba hueneza malaria au virusi vya UKIMWI kutoka mtu hadi mtu porini. Hatari iliyothibitishwa ni ya bakteria. Ndani ya utumbo wa ruba huishi bakteria aina ya Aeromonas, na wakiingia katika jeraha wanaweza kuleta uvimbe, usaha na homa. Kwa kawaida hubaki humo humo tumboni. Humwagika nje pale ruba anapotapika, na anayemtapisha, mara nyingi, ni mwathirika mwenyewe.

Chumvi, kiberiti, sigara inayowaka, tumbaku, limau, siki na spiriti vyote vinamwachisha ruba. Kama visingemwachisha, ushauri wa kuvitumia ungekufa zamani. Ibn Battuta aliona wenyeji wa Sri Lanka wakiwa na malimau tayari ya kumkamulia. Robert Knox, Mwingereza aliyezuiliwa kisiwani humo kwa karibu miaka 20, aliandika mwaka 1681 kuhusu wasafiri waliofunga limau na chumvi katika kitambaa kwenye ncha ya fimbo, wakawa wanajipigapiga miguuni wakitembea. Ufundi huo una mantiki kama ruba bado yuko juu ya nguo au kiatu. Akishazamisha taya, mambo ni mengine. Ruba aliyechomwa hujikunja kwa maumivu, na yaliyomo tumboni yanaweza kurudi ndani ya jeraha alilolifungua. Moto nao hauchagui ngozi. Msafiri aliyetaka kuepuka jeraha la milimita mbili huishia na lengelenge la ukubwa wa sarafu. Kumvuta kwa nguvu pia si dawa, maana ngozi huchanika, na vipande vya mdomo vinaweza kubaki ndani.

Njia iliyo salama inahitaji ukucha tu. Kwanza itafutwe ncha nyembamba ya ruba. Mdomo uko huko. Ncha nene, ambayo watu wengi huikimbilia kwa kuwa ndiyo inayoonekana, ni nanga tu. Kidole kimoja kiikaze ngozi kando ya mdomo. Ukucha wa mkono wa pili, au ukingo wa kadi ya benki, ulazwe bapa juu ya ngozi na kusukumwa kwa upande chini ya kile kikombe cha mbele mpaka hewa ipenye. Mara kikombe kinapoachia, ukucha uende upesi kwenye ncha ya nyuma na kufanya vilevile, kwa kuwa wakati huo ruba anapapasa kutafuta pa kuuma upya, na kilicho karibu naye zaidi ni kidole kinachomng'oa. Akishaachia pande zote mbili hutupwa mbali kwa kupigwa teke la kidole. Kazi yote haichukui hata nusu dakika. Asiyeweza kumgusa anaweza kumwacha ashibe, ataanguka mwenyewe.

Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha likandamizwe kwa kitambaa safi, mguu ukiwa umeinuliwa. Kufunuafunua kila dakika ili kuona kama damu imekata ni kuing'oa tena ile iliyoanza kuganda. Ikitulia, pafungwe bandeji, na ikibidi ibadilishwe usiku, maana damu inaweza kuanza tena. Muwasho hufuata kwa siku kadhaa, na hapo ndipo majeraha mengi huharibika kwa kucha chafu. Kitambaa cha maji baridi na dawa ya mzio kutoka duka la dawa hupunguza hamu ya kujikuna. Hospitali ni ya lazima kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye hemofilia, kwa damu isiyokata baada ya siku nzima, na pia pakitokea wekundu unaoenea, usaha, homa, uso kuvimba au kupumua kwa shida.

Kinga ya msituni huanzia miguuni. Katika hifadhi za Khao Yai nchini Thailand na Sinharaja nchini Sri Lanka, wageni huvaa soksi za ruba. Hizi ni mifuko mirefu ya kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, isiyo na mshono wazi hata mmoja. Huvaliwa juu ya soksi za kawaida na ndani ya buti, miguu ya suruali ikaingizwa humo, na kamba ikafungwa chini ya goti. Hakuna fundi cherehani wa Kariakoo au Marikiti atakayeshindwa kuzishona kwa kitambaa cha marekani, na rangi yake ya maziwa ni faida, kwa kuwa ruba mweusi huonekana akipanda kabla hajafika mbali. Shati liingizwe ndani ya suruali, na kola ifungwe au shingo izungushiwe leso. Nguo za kubana za mazoezi husaidia kwa kiasi, lakini nyuzi zake zikitanuka huacha nafasi.

Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, ikipakwa kwenye ngozi iliyo wazi na kuzunguka mdomo wa buti, humzuia ruba mpaka mvua au mto uioshe, na katika misitu hiyo hilo halichelewi. Nguo zilizotiwa permethrini hustahimili zaidi. Hiyo ni dawa ya kiwandani inayoiga kemia ya ua la pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na ni ya nguo peke yake, si ya ngozi. Wapo wanaosugua kipande cha sabuni kavu juu ya soksi. Ni njia ya bei nafuu inayofaa kwa safari fupi. Majani ya tumbaku ndani ya soksi ndiyo yasiyofaa. Nikotini hupita kwenye ngozi yenye unyevu, na wanaovuna tumbaku mbichi yenye umande wanajua kichefuchefu na kizunguzungu kinachofuata.

Mwendo nao ni kinga. Ruba huhitaji muda kumfikia mtu, na kikundi kinachosimama katikati ya njia yenye majani mabichi kupiga picha huwa kinampa muda huo. Mapumziko yafanyike juu ya jiwe au mahali pakavu penye jua, si juu ya gogo lililooza. Kila mapumziko wawili wawili wakaguane nyuma ya magoti, kiunoni na shingoni. Kabla ya kuingia hemani viatu vivuliwe nje, na soksi zigeuzwe ndani nje. Anayeongoza njia mara nyingi hupita salama. Walio nyuma yake ndio wanaofika kwa ruba walioshaamshwa.

Majini kanuni ni fupi zaidi. Mkulima wa mpunga anayevaa gambuti zisizovuja, au soksi nzito zilizofungwa juu ya suruali pale matope yanapovua gambuti, amemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Asiye na vifaa hivyo ajikague kila anapotoka jarubani. Hapa inafaa kusema wazi kwamba woga wa wengi umekaa mahali pasipo pake. Mtu akitoka majini na ruba kwenye shavu la mguu, kijiji kizima hukusanyika kumwangalia. Katika maji hayo hayo, viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwa konokono huingia mwilini kwa dakika chache, havionekani, haviumi kwa kishindo, na huja kuharibu kibofu, utumbo au ini. Gambuti zinunuliwe kwa ajili ya kichocho. Kumzuia ruba iwe ni nyongeza.

Yupo hata hivyo ruba mmoja anayestahili kuogopwa kuliko anavyoogopwa: yule anayenywewa. Limnatis nilotica, anayepatikana katika visima, chemchemi na mabwawa ya Afrika Kaskazini, Pembe ya Afrika na Mashariki ya Kati, ana taya dhaifu zisizoweza kutoboa ngozi, hivyo hutafuta sehemu laini. Vitoto vyake ni vidogo kiasi cha kupita bila kuonekana katika mkupuo wa maji. Mwaka 1799, jeshi la Napoleon likitoka Misri kuelekea Syria, askari waliokunywa maji ya jangwa la Sinai walianza kukohoa damu, na daktari wao wa upasuaji, Dominique-Jean Larrey, akakuta ruba kooni mwao. Aliwatoa kwa koleo na kuwapa askari siki yenye chumvi wasukutue. Kooni ukucha haufiki, na hapo ndipo chumvi ina kazi yake.

Dalili ni damu ya puani isiyo na sababu na inayojirudia kwa siku kadhaa, sauti kukwaruza, kukohoa damu, au kuhisi kitu kinachotembea kooni. Akikaa wiki nyingi, ruba mmoja anaweza kumpunguzia mtoto damu kwa kiasi cha hatari. Punda na ng'ombe nao huathirika, na mfugaji anayeona damu mdomoni mwa mnyama asiye na jeraha anapaswa kulitilia shaka lambo analomnyweshea. Waogaji wa mabwawani wakati mwingine hupata ruba jichoni au sehemu za siri. Mtoto wa kike anayetoka damu ukeni baada ya kuoga bwawani anahitaji daktari siku hiyo hiyo, na daktari anapaswa kukumbuka uwezekano huo kabla ya kumtuhumu mtu. Katika sehemu hizi zote, kujaribu kumng'oa nyumbani ni hatari.

Kinga yake haigharimu kitu kikubwa. Maji ya kisima kisichofunikwa, chemchemi au lambo yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshwe. Watoto wa machungani wasilale kifudifudi kunywa kwa mdomo bwawani. Na mzazi anayempeleka hospitali mtoto anayetokwa damu puani asisubiri kuulizwa: amwambie daktari mapema mtoto huyo amekuwa akinywa maji ya wapi.